Kilichomo Ndani ya Kayamba

Ngoma zikigawanywa, vumi humwendea mwenye mikono mizito, chapuo humwendea kijana mwenye vidole vyepesi, na zumari humwendea yule mwenye pumzi za kupuliza bila kukata. Kayamba hubaki. Hupewa aliyechelewa kufika, au mwanakwaya mgeni, au jirani aliyekuja kutazama akajikuta amesimama karibu mno. Naye huambiwa, "Wewe tikisa tu." Sidhani kama ipo kauli iliyoidhulumu ala yoyote ya pwani yetu kuliko hiyo.

Kayamba ninayoisema ni ile bapa ya Wamijikenda, inayoshikwa kwa mikono miwili, utakayoikuta kwa Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na ndugu zao wa Kilifi, Kwale na viunga vya Mombasa. Kwa jicho la haraka ni safu mbili za mabua zilizoshonwa pamoja, vijiti pembeni, basi. Haina ngozi ya kuwambwa na kupashwa moto. Haina uzi wa kukazwa wala tundu la kupulizwa. Chenye kusema kimo ndani, hakionekani, nacho ni mbegu.

Mbegu inayosifika zaidi kwa kazi hii ni tipitipi, ambayo wengine huiita turituri. Mmea wake ni mtambaa mwembamba wenye vijani vingi vidogo vilivyopangana pande mbili za kikonyo. Hujisokota juu ya vichaka, na hata mzaliwa wa pwani anaweza kuupita kila siku asiutambue mpaka kiangazi kifike. Hapo maganda hukauka, hupasuka na kujikunja, na mbegu hubaki zimening'inia nje, nyekundu za kung'aa, kila moja na doa lake jeusi. Rangi hiyo imewavutia watunga shanga kuanzia India hadi Afrika Magharibi. Wasonara wa India waliipimia dhahabu: mbegu moja iliitwa rati, na rati 96 zilifanya tola moja, tola ile ile ambayo wasonara wa Mombasa na Unguja wanaijua. Waakan wa Ghana nao waliitia kwenye mizani zao za dhahabu ya vumbi. Mbegu hizi zilipewa kazi hiyo kwa sababu hazipishani sana kwa uzito. Mtengeneza kayamba hana dhahabu ya kupima, lakini sifa hiyo inamfaa kwa njia yake, kwa kuwa mbegu zilizolingana huondoka pamoja na kufika pamoja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitie mahindi, au kunde, au changarawe za mtoni, vitu ambavyo havihitaji kutafutwa vichakani. Mahindi yana pembe, hukwama katikati ya mabua na kuacha sauti yenye mapengo. Kunde na choroko hubunguliwa. Haupiti muda wadudu wamezitoboa na kayamba inamwaga unga. Mchele ni mwepesi, sauti yake haivuki mlango wa chumba. Changarawe hulia kwa ukali unaochosha sikio, kisha hula mabua kwa ndani mpaka yanapasuka. Tipitipi ni ya mviringo, laini juu na ngumu kupita kiasi. Ganda lake halipitishi maji. Anayetaka kuiotesha hana budi kuikwaruza au kuilowesha kwa maji ya moto, la sivyo inaweza kukaa udongoni muda mrefu isichipue. Ugumu unaoizuia kuota ndio huo huo unaoipa sauti. Hilo hunifurahisha kila ninapolifikiria: mmea ulijiwekea ganda ili usidanganywe na mvua ya siku moja, na binadamu akasikia ngoma ndani ya ganda hilo.

Mmea huo una kinga ya pili, nayo si ya kufanyia mzaha. Ndani ya tipitipi mna sumu kali iitwayo abrini. Mbegu nzima ikimezwa mara nyingi hupita tumboni bila kufunguka, lakini ikitafunwa au kutobolewa, kiasi kidogo tu kinatosha kuua. Ajabu ni kwamba majani ya mtambaa huo huo ni matamu, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu huyatafuna kutuliza kikohozi. Anayeokota mbegu kwa ajili ya kayamba huyajua yote mawili. Huzikusanya, huzichambua, hutupa zilizopasuka na zilizosinyaa, na huosha mikono kabla ya kushika chakula.

Mabua nayo yana mashariti yake. Matete ya ukingo wa mto au mabua marefu ya nyasi hukatwa yakiwa yamekomaa, kwa sababu bua bichi hunywea likikauka, na ushonaji wote hulegea. Hukaushwa taratibu kivulini, maana jua kali huyapasua kabla hayajafika kazini. Kisha huchambuliwa. Bua nene hutoa sauti pana, bua jembamba hutoa sauti kavu, na kuyachanganya bila mpango ni kujitafutia kayamba isiyojua inasema nini. Fundi hulizungusha kila bua kati ya vidole kuona kama limenyooka. Lililopinda hutengwa, hata kama ndilo lililobaki peke yake na itabidi kurudi mtoni. Yaliyofaulu hukatwa kwa urefu mmoja. Kayamba za kawaida huwa na upana wa dhiraa moja hivi, au pungufu kidogo kwa mchezaji mwenye mikono mifupi.

Kushona ndiko kunakochukua muda, na ndiko ambako mtazamaji huchoka akaenda zake. Kamba ya katani hupita juu ya bua la kwanza, chini ya la pili, ikarudi, ikakaza, ikaendelea, karibu na ncha zote mbili na katikati. Ikikazwa mno, mabua hupandana na uso wa kayamba huinuka. Ikilegezwa, mianya hufunguka na mbegu zitapata pa kutokea. Kati ya safu ya kwanza na ya pili huwekwa vijiti vya pembeni vinavyofanya kuta, na mara nyingi kijiti kingine hupita katikati kugawa nafasi ya ndani, ili mbegu zisikimbilie zote upande mmoja zikalala huko. Mabua hulazwa kukingama na njia ya mbegu. Kila mbegu inaposafiri kutoka kushoto kwenda kulia hupanda na kushuka migongo ya mabua yote njiani, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakozaa ule mlio wa kuburuza. Bati lililonyooka lingetoa kishindo cha mwisho peke yake. Bua, kwa kuwa lina uwazi ndani, huipokea kila hatua ya mbegu na kuikuza.

Pande tatu zikishafungwa, upande wa nne huachwa wazi, na hapo ndipo mbegu hutiwa. Kiasi gani? Huu ndio ujuzi ambao sijauona ukiandikwa katika maelekezo yoyote, na nadhani hauandikiki. Fundi hutia gao, huziba mwanya kwa kiganja, huinamisha kayamba upande mmoja, husikiliza, huirudisha, husikiliza tena. Huongeza kidogo. Hupunguza. Zikizidi, mbegu hukosa pa kukimbilia na sauti hunenepa ikawa kishindo kisicho na mwanzo wala mwisho. Zikipungua, unasikia mbegu mojamoja zikigonga, na hakuna ngoma itakayosimama juu ya milio hiyo. Anachokipima hasa ni uwazi, nafasi ambayo mbegu hazikuijaza. Wapo wanaoamua kwa macho, na kazi yao hujulikana: kayamba nzuri kwa kutazama, inayomfanya mchezaji afanye kazi mara mbili.

Sasa rudi kwa yule aliyeambiwa atikise tu. Tatizo lake la kwanza ni kwamba mbegu hazitii papo hapo. Mkono ukigeuka, mbegu bado ziko njiani kutoka upande wa pili; zitafika baadaye kidogo, na sauti ndiyo hiyo inayofika baadaye. Anayegeuza mikono pale ngoma inapopiga atasikika amechelewa, kila mara, na atadhani ameonewa na wenzake. Mchezaji hodari hugeuza kabla. Mikono yake iko mbele ya ngoma, masikio yake yako kwenye ngoma, na mbegu zikifika zinakutana na pigo la chapuo mahali pamoja. Kufanya hivyo mara moja si kazi. Kufanya hivyo wimbo mzima huku ukiimba kiitikio ni jambo jingine.

Tena sauti za kayamba ni zaidi ya moja. Ukiinamisha polepole, mbegu hutiririka na kutoa mvumo mrefu; mwendo wa mikono hapo ni ule wa mwanamke anayepepeta mchele kwenye ungo. Ukigeuza kwa kishindo, hupaa zote kwa pamoja na kugonga ukuta, na unapata pigo kavu. Kati ya hayo mawili, vidole gumba hugonga mgongo wa kayamba, kwenye kijiti cha katikati, na kuongeza pigo la tatu. Mchezaji mmoja anaweza kubeba mvumo, pigo na mgongo kwa wakati mmoja, na kikundi chenye kayamba tatu nzuri kinaweza kucheza bila ngoma hata moja. Kikundi chenye ngoma tatu na kayamba mbovu huyumba, ingawa watu watamlaumu mpiga chapuo.

Kwa Wadigo na Waduruma, kayamba ni ala na pia ni jina la shughuli nzima ambayo mganga huiandaa kwa ajili ya mwele anayesemekana kushikwa na pepo. Mwele huketi, hufunikwa nguo, hufukizwa. Wachezaji humzunguka na kayamba zao. Kila pepo ana nyimbo zake na mwendo wake, na wapo pepo wanaotajwa kwa majina ya watu wa mbali na karibu: Mwarabu, Mmasai, Mkamba, Mgala. Wachezaji huzijaribu nyimbo hizo moja baada ya nyingine, wakitazama ni upi utakaomfanya mwele atikisike, na shughuli inaweza kuchukua usiku kucha. Masheikh na wachungaji wengi hawaitaki, na msomaji ana imani yake. Mimi naitazama kazi ya mikono tu. Kukesha ukigeuza kayamba, kubadili mwendo kila wimbo unapobadilika, kumpokeza mwenzako bila sauti kukatika, halafu kunapoanza kupambazuka mbegu bado zinafika kwa wakati wake, hiyo ni nidhamu ambayo wanamuziki wengi wa jukwaani hawana. Na Jumapili ala hiyo hiyo iko kanisani. Nenda kwenye misa Mombasa, Nairobi au Kisumu, utaiona mikononi mwa kina mama wa safu ya mbele ya kwaya. Mbegu hazijali zinamwitikia nani.

Kwamba kayamba haidai ngozi wala chuma kuna maana kubwa kuliko urahisi wa bei. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vilivyokuwa mikononi mwa Ufaransa, ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Wengine wengi walitolewa Msumbiji na Madagaska. Hakuna aliyepanda jahazi na ngoma yake kwapani. Lakini mtu aliyekuwa anajua jinsi mabua yanavyoshonwa, na anajua mbegu ya namna gani hulia, alikuwa amebeba ala nzima kichwani, na hakuna nahodha wa kumnyang'anya.

Huko Réunion iko mpaka leo, na jina ni lile lile, kayamb, irabu ya mwisho tu ndiyo imeanguka baharini. Matete yamebadilishwa. Wanatumia mashina ya maua ya miwa, yaani bua lile jembamba na jepesi linalochomoza juu ya muwa unapochanua. Ninasimama hapa kidogo, kwa sababu ni hapa ambapo fundi huonyesha ufundi wake. Muwa ndio uliowafanya watumwa wale wavushwe bahari. Waliupanda, waliukata, waliubeba. Kisha wakaitazama sehemu ya muwa ambayo kiwanda cha sukari hakikuitaka, wakaikata kwa urefu mmoja, wakaipanga safu mbili na kuijaza mbegu. Tipitipi walizikuta huko pia, na ni moja ya mbegu zinazotiwa ndani ya kayamb mpaka sasa.

Muziki unaoongozwa na kayamb hiyo huitwa maloya. Husikika katika sherehe za kuwaita na kuwalisha mababu, ziitwazo servis kabaré, na husikika barabarani kila Desemba 20, siku ambayo watumwa wa kisiwa hicho walitangazwa huru mwaka 1848. Kwa muda mrefu wakubwa wa kisiwa waliudharau, na sahani zake za santuri za mwanzo hazikutoka mpaka 1976, zikitolewa na chama cha Kikomunisti cha huko. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza maloya katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Danyèl Waro, mwimbaji wake anayejulikana kuliko wote nje ya kisiwa, hutengeneza ala kwa mikono yake mwenyewe. Hilo halinishangazi. Mtu anayeimba juu ya kayamb lazima awe na maoni kuhusu kiasi cha mbegu. Morisi wana ndugu yake, maravann, katika ngoma ya sega, na Komoro wana mkayamba. Ukichora mstari kwenye ramani kuunganisha mahali pote ambapo mabua na mbegu hushonwa hivi, utakuwa umechora njia za majahazi na merikebu za karne ya 18.

Mbegu nyingine ilikuja kutoka upande wa pili wa dunia ikaingia katika kazi hiyo hiyo. Kana, ua lile jekundu au la manjano lenye majani mapana ambalo hupandwa nje ya shule na ofisi za serikali, asili yake ni Amerika ya joto. Mbegu zake ni nyeusi, duara kabisa, ngumu, na hazina sumu ya tipitipi. Mafundi wa Réunion huzipenda. Washona wa Zimbabwe huziita hota, nao huzitia ndani ya vibuyu vya hosho, manyanga yao yanayofuatana na ala ya mbira katika bira, mkesha wa kuwaita wahenga. Kibuyu huchemshwa kwanza kwa maji ya chumvi, hukwanguliwa ndani hadi kisibaki na uzi wa nyama, ndipo hota hutiwa. Mafundi hawa hawakukutana, lakini wote walitaka mbegu ngumu, duara, iliyolingana na isiyoliwa na wadudu, na bustani za ulimwengu ziliwapa majibu mawili tu au matatu.

Kwetu kayamba haijafa, wala haiko hatarini kufa kesho. Shule na kwaya zinainunua kwa wingi. Kilichopungua ni usikivu. Kayamba za haraka hushonwa kwa mabua mabichi na hujazwa chochote kilicho karibu. Nyingine zina vipande vya waya, na ukizitikisa unasikia kabati la vyombo likianguka. Mwalimu wa kwaya anayeziagiza kumi kwa mkupuo hatagundua kasoro zake mpaka siku ya tamasha. Naye fundi anayechagua bua moja moja hawezi kushindana kwa bei na anayechota fungu zima. Sioni haja ya kuunda kamati kuhusu jambo hili. Wanunuzi wakijua wanachonunua, mafundi wazuri watapata kazi.

Kwa hiyo, ewe mwalimu wa kwaya, na wewe kiongozi wa kikundi: kabla ya kulipa, shika kayamba kwa mikono miwili, ilaze bapa, iinamishe polepole upande mmoja. Sauti iende moja kwa moja bila kukatika kutoka ukuta hadi ukuta. Igeuze ghafla, mbegu zigonge kwa pamoja, si kwa mafungu. Pitisha kidole kwenye mishono uone kama kuna bua linalocheza. Muulize fundi ametia mbegu gani, naye kama ni fundi atafurahi kuulizwa. Ukishainunua, itundike mahali pakavu, usiiegemeze ukutani juu ya sakafu yenye unyevu. Na ikipasuka usiwaachie watoto waichezee, hasa kama ndani mna tipitipi, kwa sababu rangi yake inawavutia na sumu yake haina huruma. Okota mbegu zote, zihesabu kama unaweza, uzirudishe kwa fundi pamoja na kayamba. Mabua atabadilisha. Mbegu, zikiwa hazijatoboka, atazitia zile zile.